Tulivyofunga timing ya gari la baba mdogo Sumbawanga, salamu zikatuangushia cheni mara mbili

Wakuu, poleni na mihangaiko. Ninayoandika hapa nimeyashika kwa mikono yangu, na mafuta bado yako kwenye kucha.

Mnaosubiri radi za Sumbawanga mtanisamehe. Uzi huu hauna radi, una cheni.

Baba yangu mdogo ana gari la michezo la zamani, milango miwili, pua ndefu, alilolinunua ujanani kabla hajaoa. Kwa miaka mingi limelala kwenye stoo ya mahindi, kuku wakilitagia kiti cha nyuma.

Mwaka huu mama mdogo alichoka. Akasema mahindi yakifika kutoka shambani Mpui, anataka stoo tupu. Gari litoke kwa injini yake lenyewe, au litoke juu ya lori la chuma chakavu.

Baba mdogo hakubisha. Alikaa tu, akawa anafuta taa za gari kwa kanga kuukuu. Wakuu, nilimwonea huruma.

Mimi nimemaliza chuo, kazi bado, na nina ugonjwa wa kuhoji kila kitu. Nikapakua manual kwenye simu, tukaifungua injini yote. Ring za piston mpya, valve tukazisaga, cheni mpya.

Ikabaki timing ya camshaft.

Kwa wasiojua: camshaft ndiyo inayofungua na kufunga valve, na inazungushwa na cheni inayotoka kwenye krenki huko chini. Alama za juu na za chini lazima zilingane. Ukikosea meno machache ya gia, valve inagongana na piston, na kazi yote imekwisha.

Shida ni kwamba kabla hujafunga gia ya camshaft kule juu, mtu lazima aishike cheni ikiwa imekaza. Akiiachia, inadumbukia, na kile kikazio cha spring kule chini kinaruka. Hapo unafungua radieta, pampu ya maji na kava lote la mbele, unaanza upya.

Baba mdogo akashika cheni. Mimi nikachukua gia.

Akaingia Bibi Sesilia, jirani yetu.

Sasa kwetu Ufipa mkubwa humsalimii umesimama kama mlingoti. Unachuchumaa, unapiga makofi ya taratibu, mnaulizana habari za nyumbani, za watoto, za ulezi shambani. Na makofi, wakuu, yanahitaji mikono miwili.

Baba mdogo akachuchumaa.

"Ba'mdogo, cheni."

"Ulitaka nimsalimie kwa kidevu?"

"Ungemwambia asubiri kidogo."

"Huko chuo ndiko mlikofundishwa kumwambia bibi asubiri?"

Bibi Sesilia akauliza huyu kijana mbona ana hasira, au hajala.

Tukafungua kava. Nikatangaza kwamba cheni sasa nitashika mimi, kwa sababu sifungwi na mila ambazo hakuna anayeweza kunieleza faida yake.

Manual ilisema uchonge kabari ya mti, uipachike katikati ya cheni ili isianguke. Nikaihoji hiyo nayo. Nani anaweka mti ndani ya injini? Nikaona ni ushauri wa enzi za mkokoteni, nikaendelea na mkono.

Tulipofika tena kwenye gia, mlangoni pakatokea Mzee Didas.

Huyu ni baba yake Resti. Resti ni binti ambaye mimi na yeye tuna mazungumzo, na mzee alikuwa hajaambiwa.

Wakuu, sikumbuki kuamua chochote. Ninachokumbuka ni kwamba niko chini, nimechuchumaa, napiga makofi kwa mikono myeusi ya grisi, namuuliza habari za ng'ombe.

Ndani ya injini kitu kikalia "tik."

"Msomi," baba mdogo akasema kutoka nyuma ya boneti, "umesikia hiyo?"

Mzee Didas alikuwa bado yuko kwenye ndama.

"Msalimie vizuri tu. Usiharakishe."

Jioni ile mama mdogo alitukuta tunafungua kava kwa mara nyingine, na mahindi yanakuja kesho yake. Nikamweleza habari ya kabari. Akaenda jikoni, akarudi na mwiko wake wa kusongea ugali, akaukata mpini kwa panga.

"Chonga. Mimi nataka stoo yangu."

Kabari ikakaa kama imezaliwa mle. Asubuhi majirani walipita, tukawapigia makofi wote, cheni haikutikisika. Gia ikaingia, alama zikalingana, kabari nikaichomoa. Nikazungusha krenki kwa spana taratibu kuhakikisha hakuna kinachogongana. Nikazungusha tena, maana siamini kitu kirahisi.

"Zungusha tu," baba mdogo akasema, "mpaka mahindi yaote."

Tulipofunga kila kitu, akapiga stata. Gari likakohoa, likatema moshi na manyoya ya kuku, likanguruma. Baba mdogo akaugusa usukani kama anamgusa mtu aliyepona.

Tukatoka stoo lori la mahindi likiwa linapiga honi getini. Mama mdogo akatazama magurudumu mpaka yakavuka kizingiti, ndipo akasema, "Haya, limetoka."

Pale nje alikuwa amesimama Mzee Didas.

Na baba mdogo, wakuu, akazima injini. Eti huwezi kumsalimia mkubwa huku mngurumo unamfunika sauti. Akashuka, akachuchumaa.

Waliposhiba salamu, akapiga stata tena, betri ikawa imekufa.

Ikabidi tusukume, mimi na Mzee Didas bega kwa bega. Tulipofika kwenye kamwinuko, akaniuliza bila kunitazama, "Wewe ndiye unayempigia simu Resti?"

Nilisukuma kwa nguvu ambazo sijawahi kuwa nazo. Gari likawaka.

Nilichojifunza: kuhoji ni kuzuri, ila kabla ya kuhoji kabari, hakikisha unajua nani anaweza kuingia mlangoni. Gari sasa linalala nje chini ya turubai, na mama mdogo ananidai mwiko.

Mliowahi kufunga timing kwenye nyumba yenye wageni, karibuni mniambie nyie cheni mliishika kwa kitu gani. Na mwenye jibu la kumpa Mzee Didas anisaidie, maana bado analisubiri.