Nilimuapia mwanangu sitokanyaga kasino, kisha nikaingia nikidhani ni harusi

Wakuu wa humu, assalaam aleikum. Wale wadogo marahaba kabla hamjaniamkia, maana najua wengi wenu ni umri wa wajukuu zangu.

Mie ni bibi, nakaa Ibra huku Oman, nimezaliwa Unguja. Skuli nilisoma kidogo sana, chuoni kwa Kurani ndiko nilikohitimu. Haya nayasema kwenye simu na simu ndiyo inayoandika, basi mkiona neno limekwenda kombo msinicheke mie, ichekeni simu.

Ntakayosema ni kweli tupu. Kuongeza sina haja, yenyewe yametosha.

Haya.

Sie tuko mashoga watatu. Mie, Muza na Zuwena. Tumejuana kwenye soko la wanawake la Jumatano hapa Ibra. Mie nauza udi na visheti, Muza anauza nguo, na Zuwena huja kutoka Izki kununua, lakini kazi yake kubwa ni kukaa na kupiga soga mpaka tufunge.

Muza ni Mpemba, mrefu, mkali, hachekicheki ovyo. Zuwena wazee wake walikuwa Tabora, kakulia huko, basi Kiswahili chake ni cha bara. Tunamtania kila siku. Na yeye anatutania, anasema sie tunaongea kama tumetiwa halua mdomoni.

Kila mwaka tunasafiri watatu. Salala tushakwenda, Istanbul tushakwenda. Mwaka huu watu wote sokoni wanasema Batumi, Batumi. Ni mji uko Jorjia, pwani, una milima ya kijani na mvua. Sie watu wa Ibra, mkuu, mvua tunaifuata hata kwa ndege!

Sasa nina mwanangu mkubwa, Seif. Mtoto mwema walahi, ana adabu zake, lakini ana khofu. Mie nikipanda ngazi yeye moyo unamwenda mbio. Paspoti yangu inakaa kabatini kwake.

Akasoma mambo ya Batumi kwenye simu, akaja kunikalia mbele.

"Mama, mji huo umejaa kasino."

"Kasino ndiyo nini?"

"Nyumba za kamari, mama."

"Subhanallah! Mie na kamari wapi na wapi?"

"Niapie basi, roho yangu itulie."

Nikaapa. "Walahi sitokanyaga kasino."

Akanibusu kichwa, kisha akasema pole pole, "Nisamehe mama yangu, lakini ukikanyaga, hii ndiyo safari ya mwisho. Paspoti haitotoka tena."

Mie nikaona rahisi. Kasino nilikuwa nikiipiga picha kichwani mwangu: kiza, moshi, wanaume wana visu, wanawake uchi, mbwa mlangoni. Nani ataingia pahala kama hapo kwa bahati mbaya?

Tukenda.

Mashallah, mji mzuri! Bahari upande huu, bustani upande huu. Wana mkate wao kama mtumbwi, katikati wamevunjia yai bichi, unalikoroga mwenyewe na siagi. Zuwena alikula miwili, akalala saa tatu nzima. Maandishi yao sasa! Kama mtu kamwaga tambi. Mie herufi ninazozijua ni za msahafu tu, na Muza vivyo hivyo. Zuwena ndiye anayesoma Kizungu, na siku hiyo ninayotaka kukuhadithieni miwani aliisahau hotelini.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, tunatembea pwani, mvua ikashuka. Si mvua, ni ndoo! Tukakimbia, vichwa chini, mabuibui tumeyashika, tukaingia mlango wa kwanza tuliouona. Ilikuwa hoteli kubwa. Muza akataka kwenda msalani. Msichana wa pale hakufahamu Kiarabu wala Kiswahili, akatuonesha ngazi, juu.

Tukapanda.

Juu, wakuu, tukakuta zulia jekundu, mashada ya maua, mataa yanang'ara, na muziki unatoka ndani. Watu wanaingia wamevaa vizuri, na mlangoni pana mwanamke anatazama majina.

Muza akasema, "Hii harusi."

Nikamwambia, "Harusi, na ya wakubwa, maana wanatazama majina."

"Tutoke, hatukualikwa."

Zuwena akasema, "Jamani dada, mvua yote hii? Harusini hafukuzwi mtu."

Yule mwanamke akatutaka paspoti. Tukampa. Akatupiga picha mmoja mmoja. Nikajua ni kumbukumbu ya bibi harusi, nikajitengeza mtandio na kutabasamu.

Kisha pana mlinzi, pande la mtu. Akafungua mkoba wangu akatoa chupa ya kahawa. Mie siendi popote bila kahawa na tende. Ananinusia chupa! Nikaona huyu anataka lakini anaona haya. Nikamtilia finjani, nikampa na tende moja.

Akanywa. Sasa nyie mnaokaa Oman mnajua, mtu akishatosheka anatikisa finjani. Asipotikisa, unaongeza. Maskini yeye hajui. Nikaongeza. Akanywa. Nikaongeza. Macho yalikuwa yashamtoka! Finjani ya tano Muza akanivuta mkono, "We utamuua mtoto wa watu."

Tukaingia.

Hapo ndipo nilipostaajabu. Dirisha hakuna hata moja. Saa ukutani hakuna. Zulia linazama mguu. Na bibi wa makamo yangu wamekaa kila mmoja mbele ya sanduku lenye mataa, wanalibonyeza, hawasemezani. Nikafikiri huenda ni mila zao, wazee wanapewa vya kuchezea ili vijana wacheze ngoma kwa raha. Mmoja alikuwa akilibusu lake. Nikamsalimu, hakuniitika, nikaona huyu kafiwa.

Wakaja wasichana na juisi ya machungwa, bure. Sambusa zao ndogo ndogo, bure. Muza akala akasema, "Pishi lao halina chumvi lakini wana ukarimu."

Sasa katikati pana meza kubwa ya kijani imezungukwa na watu. Na pale, wakuu, kasimama msichana kavaa nguo nyeupe mpaka chini, maua kichwani, na ubavuni pake kijana na suti nyeusi. Watu wanawapigia makofi.

"Huyo bibi harusi!" Nikapiga kigelegele. Nikasema kwa nini nijizuie? Nimekula chao, nimekunywa chao, kigelegele tu niwanyime?

Ukumbi mzima ukageuka.

Nikaona haifai kumaliza na kigelegele. Nikatoa noti, nikampa Zuwena kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu na meza. Nikamwambia, "Mtunze bibi harusi!"

Hapa ndipo palipoharibika.

Kwetu Unguja kumtunza bibi harusi ni kumpa pesa mbele za watu, umtie mkononi au umbandike nguoni, na wewe unacheza. Miaka yote hii tunaishi na Zuwena, kumbe neno hili halijampata. Kwao bara kutunza ni kukiweka kitu kisipotee!

Basi Zuwena akatazama meza. Akaona imechorwa vyumba vyumba, kila chumba na nambari yake, na watu wameweka vitu vyao ndani. Akajua hizo ni amana za bibi harusi, kila mgeni na chumba chake. Akatafuta chumba kilicho kitupu, akaiweka noti yangu katikati, akainyoosha na kiganja isikunjike.

Mtu wa meza akaichukua, akaitumbukiza kwenye tundu, akaweka pale vidude vya plastiki kama vifungo vya koti. Zuwena akaniambia, "Nimepewa risiti."

Wakazungusha gurudumu. Kijipira cheupe kikaruka, kikaruka, kikatulia.

Watu wakapiga ukelele! Bibi harusi akamkumbatia Zuwena. Mtu wa meza akamsukumia vifungo vingi, rundo.

Zuwena akafungua mkoba akaanza kuvitia. "Dada, zawadi za wageni! Zitatosha mpaka wajukuu!" Mnajua harusi za huku, hutoki bila kijizawadi chako.

Mie napiga vigelegele. Muza, yule yule asiyecheka, anapiga makofi.

Pembeni palikuwa na bwana mmoja Mwarabu, mtu wa Shamu, ana mvi. Akatusogelea kwa heshima, akasema kwa Kiarabu, "Mabruuk, yaa ummi. Umeshinda."

"Nimeshinda nini mwanangu?"

Akatutazama mabuibui yetu, akaitazama chupa ya kahawa. Akasema kama anayempa mtu khabari ya msiba, "Yaa hajja, hii kazino."

Nikakaa kitako pale pale kwenye zulia.

Kamari sikuifikiria, walahi. Nilifikiria sura ya Seif alivyonibusu kichwa.

Muza akamgeukia Zuwena. "Vitoe hivyo! Vitoe! Haramu hivyo!"

"Ningejuaje? Kaniambia nitunze, nimetunza!"

"Mtunze bibi harusi, si utunze pesa!"

"Sasa nyie semeni Kiswahili basi!"

Wanagombana juu yangu, mie chini. Yule bwana wa Shamu akasema vile vifungo vinageuzwa pesa pale kwa mshika fedha. Zuwena akaukumbatia mkoba, namjua, alikuwa akiiona safari ya mwakani. Kisha akasema mwenyewe, "Hapana. Sitaki."

Nikainuka. Nikashika ule mkoba, nikenda kwa yule bibi harusi, nikamtilia vyote mikononi. Vingine vikamwagika. Alikuwa bibi harusi kweli, nilimuuliza yule bwana akanihakikishia. Basi nikamtunza kisawasawa, tukatoka mbio, hata mlinzi alipotuona tunakuja akaficha uso asije akapewa kahawa.

Hotelini hatukulala vizuri. Seif akapiga simu ya picha asubuhi, "Mama, mko salama?" Nikasema salama. Akasema, "Mbona macho yako hivyo?" Nikasema mvua.

Muza akasema, "Kaa kimya. Hukukusudia. Ukisema, tumekwisha, mwakani tutasafiri mpaka sokoni na kurudi."

Zuwena akasema, "Mimi nimeweka pesa mezani, wewe umeweka mguu tu."

Lakini mie sikuapa kwa mguu, nimeapa kwa Mungu. Siku mbili chakula hakipiti. Hata ule mkate wa mtumbwi niliutazama tu.

Seif akaja kutupokea eapoti. Tukampeleka Zuwena kwao Izki kwanza. Kushuka tu, akaniminya mkono maana yake nyamaza. Kisha tukashika njia ya Sinaw kurudi Ibra, Muza yuko nyuma na mizigo.

Nikasema, "Seif, mwanangu, nimekanyaga."

"Umekanyaga nini?"

"Kasino."

Muza nyuma, "Yaa Rabbi."

Nikamhadithia yote, kama nilivyokuhadithieni nyie, sikuruka hata sambusa. Jangwa linapita, ngamia wanapita, mtoto macho njiani. Nikajisemea basi, paspoti ishakwenda.

Tulipokaribia Sinaw akauliza, "Kweli saa hamna?"

"Hamna."

"Wala dirisha?"

"Wala kitundu."

"Na lile gurudumu linazungushwa na umeme au kwa mkono?"

"Kwa mkono, mwanangu. Kama unasokota kamba."

Kisha akauliza, "Finjani ngapi, mama?"

"Tano."

Akaiweka gari kando ya njia. Akainamia usukani, mabega yanamtikisika, nikafikiri analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashuka kusimama nje. Tangu marehemu babake sijamuona akicheka vile.

Aliporudi akafuta macho, akawa Seif tena. Akasema kafara ya kiapo ni kulisha masikini kumi, tukifika anipikie mkewe nigawe. Nikasema nitapika mwenyewe, na kweli nilipika, pilau.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Na paspoti?"

"Itakaa kabatini," akasema, "na yangu itakaa juu yake. Mwakani nakwenda nanyi. Nyie hamuwezi kuachwa peke yenu."

Muza nyuma akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun."

Basi wakuu, nilichojifunza ni hiki. Usimwapie mtu kwa kitu ambacho hujakijua sura yake. Mie nilikiogopa kitu chenye mbwa na visu, na kilichonijia kilikuwa na zulia na juisi ya machungwa. Na la pili, ukikosea, mwambie mwenye haki yake kwa mdomo wako. Ukimya ulinikondesha kuliko kasino.

Sasa nipeni maoni. Wenye ilimu, mtu akikanyaga bila kujua, kafara ilinipasa au nimetoa sadaka tu?

Na hili ndilo linalotuweka macho mashoga wote watatu: tumfanye nini Seif asije nasi mwakani, bila kumkosea adabu na bila uongo? Anataka tulale saa mbili usiku na tusile kitu cha barabarani. Muza anasema tumuozeshe mke wa pili ashughulike. Mie nimekataa, mkamwana wangu nampenda.

Leteni mengine.