Jezi Iliyorudi Imepigwa Pasi

Kwenye semina ya makocha wa shule, kule Ngara mjini, mwezeshaji alitugawia karatasi akatuambia kila mmoja aandike mambo matatu anayoyasimamia katika kazi yake. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilimaliza kabla chai haijaletwa: muda, heshima, ukweli. Nikaikunja karatasi yangu, nikaanza kuwaangalia wengine wanavyohangaika, na moyoni nilijisifu sana. Nalisema hili mapema ili ujue ni mtu wa namna gani anayekusimulia.

Nafundisha sekondari moja huko Bisibo, wilayani Biharamulo, na jioni ni kocha wa netiboli ya wasichana. Kwetu hasa ni Bugarama, upande wa Ngara. Nililelewa na mama aliyelala na jembe limesimama mlangoni ili asubuhi asipoteze muda kulitafuta. Nyumbani kwetu mtu aliyechelewa aliulizwa kama anaumwa, na kama haumwi, chakula chake kilikuwa kimeshaliwa. Kwa hiyo nilipokabidhiwa timu niliweka sheria moja tu. Filimbi ya pili ikilia na wewe hujasimama kwenye mstari, huchezi. Iwe mazoezi au fainali, hata uwe nani. Sikutaka kusikia sababu, maana nilijua nikisikiliza moja nitasikiliza mia.

Sheria ile ilifanya kazi. Wasichana walikuwa wakitoka madarasani mbio, wengine viatu mkononi, na walimu wenzangu walinitania kwamba timu yangu inaweza kuwahi hata mvua. Nilipenda kusikia hivyo.

Mfungaji wetu alikuwa binti wa kidato cha pili, mtoto wa familia ya Kisukuma iliyohamia Bisibo kutoka Shinyanga na ng'ombe zake. Mrefu, mkimya, mikono mirefu. Akisimama chini ya goli unaweza kugeuka ukaendelea na shughuli zako, maana mpira utaingia. Hakuwa na maneno mengi, lakini siku moja aliniambia jambo alilolitaka duniani: kuchaguliwa timu ya wilaya, asafiri, aone mji, acheze na watu asiowajua. Alilisema akiangalia chini. Nilimwambia akiendelea hivyo, mchujo wa mwaka huu ni wake.

Siku ya fainali ya tarafa alichelewa.

Filimbi ya kwanza, hayupo. Ya pili, hayupo. Tulishapanga kikosi bila yeye ndipo nikamwona anakuja mbio kutoka upande wa barabara, gauni limelowa kuanzia mabegani hadi kiunoni, anahema. Watu walikuwa wamejaa pembeni mwa uwanja. Na mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika hadi kwa wapinzani, "Oho, malkia amefika! Ulikuwa unaoga? Basi kaa hapo ukauke."

Wasichana wenzake walicheka. Wapinzani nao wakacheka. Yeye akakaa kwenye benchi na gauni lake la maji, mikono katikati ya magoti. Tulifungwa kwa tofauti ya goli moja. Mechi ilipoisha niliwahutubia kwamba bora kufungwa kwa haki kuliko kushinda kwa kupindisha sheria, na nikajiona nimesema jambo kubwa.

Jumatatu nikakuta jezi yake juu ya meza yangu. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri hadi namba ikabaki juu. Hakuna karatasi wala ujumbe. Nikasema atakuwa amenuna, hasira zitamwisha. Hazikumwisha. Wiki nzima kengele ya mwisho ikilia alichukua madaftari yake akaenda nyumbani, na akikutana nami njiani ananiamkia vizuri, "Shikamoo mwalimu," namjibu marahaba, anapita. Mchujo wa wilaya ulikuwa umebakiza siku kumi.

Aliyenifumbua macho ni mpishi wetu wa shule. Mama yake mzazi alifariki wiki ile ile na kuzikwa siku ile ile ya fainali. Mimi nilituma rambirambi yangu kwa simu na kuendelea na mechi. Aliporudi kazini nilikwenda jikoni kumpa pole.

"Asante mwalimu," akasema, huku anageuza ugali. "Na unishukurie yule binti yako wa mpira. Mama yake kajifungua juzi, hawezi kutoka, akaja yeye badala yake. Ndoo tatu za maji, kutoka kule bondeni. Nilimwambia mbili zinatosha, akasema hapana, kaya yetu isije ikaonekana haikuja. Ya tatu alipoitua tu, akakimbia. Alisema ana mechi."

Nilisimama pale jikoni na moshi ukiniingia machoni, na haukuwa moshi peke yake. Pale kijijini, kwenye msiba kila kaya hupeleka maji na kuni kabla ya maziko. Kaya isiyopeleka itakumbukwa siku ya msiba wake. Hilo nalijua, hata Bugarama tunafanya hivyo. Gauni lilikuwa limelowa kwa maji ya mazishi, na mimi nilikuwa nimemwuliza kama anaoga.

Sasa kwetu, ukimkosea mtu na kosa likiwa zito, huendi mikono mitupu na husemi mwenyewe. Unapika au unanunua pombe ya ndizi, unaitia kwenye kibuyu, na unamtafuta mtu mzima wa kukusemea. Yeye ndiye anayezungumza, tena haanzi na kosa. Anaanza mbali, anasifu nyumba, anauliza mifugo, na wewe mkosaji unakaa kimya umeinamisha kichwa. Nikamtafuta mzee mmoja jirani yangu, Mhangaza mwenzangu kutoka Ngara aliyehamia Bisibo zamani, mtu anayependa kuzungumza na anayependa pombe ya ndizi, ukitaka nikwambie ukweli. Jumapili baada ya ibada nikavaa kitenge changu kizuri, yeye akavaa koti, tukashika njia na kibuyu chetu.

Baba wa binti alitupokea vizuri, akatutolea viti chini ya paa la nje. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na kichanga chake. Binti mwenyewe alituona, akaniamkia, akaingia ndani kama umeme. Mzee wangu akakohoa, akaanza. Akasifu boma. Akasifu ng'ombe. Akazunguka mbuyu weee, mpaka kuku wakarudi kutulia miguuni petu. Kisha akaweka mkono juu ya kibuyu akasema, "Wenzetu, katika nyumba yenu hii kuna binti. Ndiye aliyetuleta. Mama huyu ana neno zito juu yake, na ndiyo maana hakuja mikono mitupu."

Baba akaacha kutabasamu. Mama akakihamishia kichanga bega la pili.

"Mwalimu," baba akaniuliza taratibu, "una mtoto wa kiume?"

Mimi niliambiwa nikae kimya, lakini nimeulizwa swali, na ukweli ni mojawapo ya yale matatu yangu. Nikajibu, "Ninaye. Yuko Ngara mjini, anaendesha bodaboda."

"Bodaboda!" mama akasema kutoka kwenye mkeka, kama mtu aliyeng'atwa.

Baba akasimama. "Sikilizeni. Mwaka huu nimekataa ng'ombe za watu wawili. Wawili! Ndugu zangu kule Shinyanga wananiita kichwa maji. Nimewaambia mwanangu anasoma. Leo ninyi mnaniletea kibuyu? Tena mwalimu wake? Mwalimu mzima, unayetakiwa kuniripoti mimi nikimwoza, ndiye unakuja na mshenga?"

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi tulivyoonekana. Mzee mwenye koti, mama mwenye kitenge kizuri, pombe, na sifa za ng'ombe. Mzee wangu naye badala ya kunyoosha mambo akaanza kusema, "Hapana, ngoja tuzungumze kiutu uzima," akazidi kuharibu. Nikaona kwenye ufa wa mlango uso wa yule binti, macho yamemtoka. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasahau mila yote.

"Simtaki!" nikapiga kelele. "Yaani, sikuja kumposa. Nimemkosea! Nimekuja kuomba radhi!"

Baba akakaa. Mama akauliza, "Umemkosea nini? Yeye katuambia mazoezi yamefungwa."

Hawakujua chochote. Binti hakuwa amenisema kwa mtu. Basi ikanibidi niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, mwanzo hadi mwisho: filimbi, gauni, benchi, na yale maneno kuhusu kuoga. Nilipoyatamka maneno yale pale mbele ya mama yake mwenye kichanga, yalikuwa mabaya kuliko nilivyoyakumbuka.

Baba akauliza, "Hayo uliyasema mbele ya nani?"

"Mbele ya timu yote. Na watu waliokuja kuangalia."

"Sasa hapa kwangu umekuja kufanya nini?"

Hakukuwa na hasira tena katika sauti yake, na nadhani mama alikuwa anazuia kicheko kwa ajili ya ile bodaboda. Tulipoaga, baba akakizuia kibuyu kwa mguu. "Hiki kiacheni. Tutanywea posa iliyokataliwa." Mzee wangu alicheka njia nzima, akasema hajawahi kukataliwa vizuri kiasi kile.

Jumatatu nilipuliza filimbi saa kumi, na baada ya wasichana kujipanga nikamwomba yule binti asimame nami mbele yao. Alikuja, nadhani baba yake alimwambia aje. Nikawaeleza wote alikokuwa siku ile na kile alichokuwa amebeba. Nikamwambia, "Nilikudhalilisha mbele ya watu bila kukuuliza. Nimekosa. Nisamehe." Nikasema kuanzia leo filimbi itabaki ile ile, lakini atakayechelewa nitamwuliza kwanza, na nitasikiliza hata kama ni sababu mia. Kisha nikamnyooshea jezi yake.

Hakuipokea.

"Nimekusamehe mwalimu," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Lakini na yule wa kidato cha tatu je?"

"Yupi?"

Akanyoosha kidole. Nje ya uwanja, kwenye njia ya kwenda nyumbani, walikuwa wanapita wasichana watatu, na mmoja wao nilimtambua. Mtoto wa familia ya asili ya Burundi, wanalima mihogo karibu na shule. Mwaka uliopita alikuwa mlinzi wangu, nikamfukuza kwa kuchelewa mara mbili. Tangu hapo alikuwa akipita njia ile kila jioni, hatua ishirini kutoka kwangu, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba netiboli haikuwa damuni mwake.

Nikamwita. Akaja polepole, akaniamkia, akasimama nje ya mstari.

"Siku ile nilipokufukuza," nikamwuliza, "ulichelewa kwa nini?"

Akafikiri. "Sikumbuki mwalimu. Nakumbuka tu ulisema usinione tena."

"Na wewe ukatii."

"Nilidhani utaniita. Baadaye nikadhani umenisahau."

Wasichana wote walikuwa wananitazama, na yule mfungaji zaidi ya wote, jezi bado iko mkononi mwangu. Ningeweza kusema neno zuri la kocha.

"Ni kweli," nikamwambia. "Nilikuwa nimekusahau."

Akainama, akavua viatu, akavipanga pembeni, akaingia uwanjani. Mfungaji wetu akaichukua jezi kutoka mkononi mwangu, akaivaa juu ya sare ya shule, akamrushia mpira.