Nilivyomfundisha Mjukuu Wangu Kukataa Chakula

Kwetu Tanga mtoto mwenye adabu hali kwa watu. Akikaribishwa anasema ameshiba, hata kama tumbo linamnguruma mpaka kuku wanageuka. Mama yangu alitulea hivyo, na baba alikuwa ameshakufa. Tukienda kwa jirani, wali unaletwa, mama anasema kwa sauti ya ugenini, "Kuleni wanangu, msione haya," na papo hapo anatukata jicho. Maneno yalikuwa ya kumsikilizisha mwenye nyumba. Jicho lilikuwa letu. Siku moja niliyafuata yale maneno, nikala maandazi, na tuliporudi nyumbani nilichapwa nikashindwa kukaa. Maandazi hayakumuuma mama. Kilichomuuma ni kwamba jirani angepata la kusema: kwa yule mjane watoto hawalishwi.

Shule niliacha darasa la nne. Kwa hiyo binti yangu aliponiita London nimsaidie mtoto, nilikuja na nilichokijua, yaani kupika, kufua, kulea, na lile jicho. Tunakaa Hounslow, ndege zinapita juu ya paa hadi vikombe vinacheza kabatini. Binti yangu anasafisha hizo hizo ndege. Anaondoka alfajiri, anarudi mchana. Baba wa mtoto alikwenda zake mapema, sina la kusema juu yake linaloandikika.

Mjukuu wangu nilimpokea hana hata meno. Alipotimiza miaka miwili alikuwa analijua jicho langu kuliko anavyojua jina lake. Tukienda Woolwich kwa rafiki zangu, sambusa zikipitishwa, alinitazama kwanza usoni, kisha akajibu kwa Kiingereza chake kwamba ameshiba, asante. Kiswahili anakisikia chote ila hajibu nacho. Wale wanawake wakaguna. "Bibi, huyu umelea. Wetu hapa wangeshakula mpaka sahani." Nilirudi kwenye treni nimevimba kichwa.

Kisha goti likaharibika. Nikawa siwezi kumkimbiza mtoto, wala kumbeba, na lifti ya jengo letu inafanya kazi ikipenda. Binti yangu akapunguza shifti ili abaki nyumbani. Pesa zikapungua na uso wake ukapungua. Ndipo yule nesi anayezungukia watoto akamwambia kwamba kwa mtu mwenye kipato kidogo kama chake, serikali inamlipia mtoto chekechea tangu ana miaka miwili, masaa kumi na tano kwa wiki.

"Serikali imlee, kwani mimi nimekufa?" nikamuuliza.

"Hujafa, Mama. Una goti."

"Watu watasema tumeshindwa kumlisha."

"Watu gani?"

"Watu."

"Mama, ghorofa hili lote watoto wao wanakwenda. Hao watu wako wapo Tanga, na hawajui hata tunakaa mtaa gani."

Alichukua ile nafasi. Siku tatu kwa wiki, masaa matano kila siku, na chakula cha mchana ndani yake. Kazini wakamrudishia shifti zake, nikamsikia anaimba bafuni, jambo ambalo sikuwa nimelisikia muda mrefu. Tukapanga: asubuhi mimi nampeleka polepole na fimbo yangu, mchana mama yake anampitia akitoka uwanja wa ndege. Mimi nikishapanda zile ngazi asubuhi, sishuki tena.

Siku ya kwanza nilimpaka mafuta akang'aa, nikamvalisha sweta, nikainama kadiri goti lilivyoruhusu. "Unakwenda kwa watu," nikamwambia. "Uwe na adabu." Nilimkata na jicho kidogo, ili aelewe.

Alielewa.

Mwalimu wake ni mama wa Kihindi wa makamo, bangili zinalia kila akigeuka. Alimwambia binti yangu kwamba mtoto hana shida, anasema asante kuliko wote, ila chakula hakugusa. Kesho yake hivyo hivyo. Binti yangu aliponieleza nilicheka, tena kwa fahari.

"Damu yangu hiyo. Hadoei."

"Mama, kudoea nini? Ni chakula chake, kimelipiwa."

"Hukukilipia wewe."

Hilo jibu lilinitoka mdomoni mwangu, na bado lipo masikioni.

Wiki ya pili nilianza kuona. Mtoto aliingia mlangoni mchana na koti lake, akaenda moja kwa moja jikoni, akala ugali amesimama, mikono miwili, hajavua hata viatu. Mtoto niliyemfundisha kunawa na kungoja wakubwa alikuwa anakula kama mtu aliyetoka kulima shamba la mwingine. Alipomaliza alilala hapo hapo kwenye kapeti, shavu lina mchuzi. Mama yake akamfunika. Mimi nikaosha sufuria. Nilishajua, lakini niliiosha mara mbili na sikusema kitu, kwa sababu ningesema nini? Kwamba mtoto anashinda njaa ili bibi yake asionekane maskini mbele ya watu wasiomjua?

Binti yangu alimpeleka kwa daktari, akaambiwa hana ugonjwa. Akaanza kumpikia makaroni nyumbani ili azoee chakula cha huko, na mtoto akayala yote. Jioni moja akampakata, akamuuliza, "Chakula cha chekechea kibaya?"

Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba si kibaya, kinanukia vizuri.

Binti yangu aliniangalia juu ya kichwa cha mtoto. Nikasema labda ni meno.

Mwalimu alituita wote wawili. Alisema kwa upole, binti yangu akinitafsiria, kwamba hawawezi kumweka mtoto masaa yote hayo na tumbo tupu. Bora achukuliwe kabla ya chakula cha mchana, mpaka atakapozoea. Kisha akauliza kama mtoto anakula nyumbani. Hilo nililielewa bila kutafsiriwa. Maisha yangu yote nimekimbia swali hilo moja, na sasa nilikuwa nimelileta mwenyewe, nimelipaka mafuta na kulivalisha sweta.

Tulipotoka nje binti yangu alisimama kwenye kituo cha basi, akatoa simu.

"Naziacha shifti," akasema. "Nikitoka katikati ya kazi msimamizi hatakubali, na wapo wengi wanazitaka."

"Usipige."

"Nisipopiga leo, kesho nani anakuja kumchukua? Wewe na hilo goti?"

"Mtoto hana tatizo. Tatizo ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilimwambia anakwenda kwa watu."

Alinitazama, na nikaona linavyomfikia, maana na yeye nilimlea hivyo hivyo. "Mama. Lile jicho?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi nimerudi na njaa kutoka harusini kwa ajili ya lile jicho. Harusini, Mama. Pilau sufuria nane, na mimi nasema nimeshiba." Nilidhani atapiga kelele. Alirudisha simu mfukoni, akajifuta uso na mkono wa koti la kazi, akasema taratibu, "Mtoto wangu mpaka daktari amemchunguza na wewe umekaa kimya."

Ningependelea kelele.

Usiku huo kabla hajalala nilimkalisha mtoto mbele yangu. Nikamwambia, kula chekechea, kile chakula ni chako, bibi amesema ule. Alinisikiliza, lakini macho yake yalikuwa yanapekua uso wangu, huku na huku. Kisha akatikisa kichwa kukubali kama mtu mzima aliyepewa siri. Kesho yake binti yangu alimwomba mwalimu kwa simu amwache mtoto mpaka mchana kwa siku hiyo, na mtoto hakugusa chakula.

Sasa angegusa vipi? Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba bibi akisema "kula" mdomoni, maana yake usile. Kila neno tamu nililoongeza lilizidi kumfungia sahani. Sikuwa na neno lolote lililobaki ambalo mtoto yule angeliamini.

Binti yangu akamwomba mwalimu niruhusiwe kukaa naye wakati wa chakula. Mwalimu alikubali, akasema tujaribu siku moja kabla ya kubadilisha masaa. Shifti za binti yangu zilikuwa zimening'inia kwenye siku hiyo, na alikwenda kazini bila kuniaga vizuri.

Walinipa kiti cha mwalimu lakini meza ilikuwa ya watoto, magoti yangu hayakuingia chini yake. Mjukuu wangu alikaa kando yangu. Aliweka mikono mapajani, mgongo umenyooka, kama mgeni kwenye nyumba yenye mkeka mpya. Watoto wengine walikuwa wameshachafuka mpaka nyusi. Wakaleta tambi zenye samaki na njegere. Mwalimu akamwekea mtoto, kisha akaniwekea na mimi, bangili zikilia, akaniuliza kama nitakula. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe kusema nimeshiba, asante.

Nilijisikia nikianza kulisema, na mtoto ananitazama.

Nikasema, "Nina njaa."

Nililisema kwa Kiswahili, kwa hiyo mwalimu hakuelewa, lakini hakuwa yeye niliyekuwa nikimwambia. Sikuwa nimewahi kulisema neno lile kwenye nyumba ya watu, miaka yangu yote. Nilichukua uma nikala. Tambi zilikuwa hazina chumvi. Sikumwangalia mjukuu wangu, niliogopa uso wangu ungemwambia mengine, basi nikaangalia sahani tu na kula kama mlafi, na nilipomaliza sikusikia kitu upande wake. Nikainua sahani, nikamwomba mwalimu aniongezee, kwa hicho Kiingereza changu kidogo.

Mtoto akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, kama bibi bado ana njaa.

"Sana," nikamwambia. "Na wewe?"

Alifikiri. Akasema na yeye ana njaa. Akasema ana njaa kila siku hapa. Kisha akachukua kijiko.

Alikula zile tambi, akaongezewa, akala na mkate, akanywa maziwa mpaka akakohoa. Mwalimu alinishika bega, akaenda kuandika kwamba mtoto abaki kwa masaa yake yote, na binti yangu akabaki na shifti zake. Wote wanadhani nilifanya jambo zuri siku ile. Mimi nilikaa pale na sahani ya pili ambayo sikuitaka, namsikia mtoto akitafuna, na nilichokuwa nakiona ni zile siku nyingine zote, alipokaa kwenye kiti hicho hicho, wenzake wanakula, mikono yake mapajani, ananilindia heshima yangu.