Siku Mama Alipowapelekea Jiko

Samaki akigusa mafuta moto, mtaa mzima wa Kware hupata habari. Harufu ilipanda ngazi za ploti yetu hadi orofa ya juu kabisa, ikaingia kwa walioalikwa na wasioalikwa, na watu wa viwandani wakirudi jioni walisimama kwa mama kabla ya kufika kwao. Samaki wale ndio waliotulipia nyumba na karo. Kwa hiyo kanjo, yaani askari wa kaunti, walipomwaga mafuta yake na kuondoka na karai, wakisema haruhusiwi kukaanga bila leseni, niliona tumekwisha.

Mama akaenda kuomba leseni. Akaambiwa alete kwanza cheti cha afya. Watu wa afya nao wakasema lazima wakague jikoni mwake, ila gari lao halina mafuta, arudi kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Basi asubuhi moja, shule zikiwa zimefungwa, mama aliazima karai kwa jirani yetu Mama Mutuku, akanitwika beseni la samaki, yeye akabeba jiko. Nilidhani tunahamia soko jingine. Alipolitua chini ya ngazi za ofisi ya afya na kuanza kupepea makaa, nilitamani ardhi inimeze. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mama alingoja huku akikaanga. Madirisha yakafunguka, kisha afisa mwenyewe akashuka.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Si mlisema hamna gari ya kuja kukagua jikoni yangu? Nimewaletea. Kagueni."

Yule bwana alitazama karai, akatazama mikono ya mama, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akakagua kweli. Cheti kilitoka samaki wakiwa bado moto. Mama hakufika hata begani kwa afisa yule, lakini sijawahi kumwona mtu mkubwa kama yeye siku ile.

Sasa mimi nauza keki mtaani Tassia, na leseni huombwa mtandaoni kwa simu. Hakuna foleni wala matusi. Lakini ombi langu limekwama. Kila nikibonyeza naambiwa nisubiri, na kanjo wameshaanza kunizungukia. Wiki jana nilimlilia mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na huo mtandao, ofisi yake iko wapi?"

Alikuwa ameshaanza kujifunga leso.