Barua Niliyoichelewesha

Mwaka ule wakimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa walipojaa mjini kwetu Ujiji, mama yangu alimpa mwanamke mmoja chumba cha uani. Alikuwa amevuka kwa boti na binti yake mdogo. Siku ya kukimbia alipotezana na mdogo wake wa kiume ufukweni, katika msukumano. Baadaye akasikia kijana huyo ameonekana kambini, njia ya Kasulu.

Mimi nilikuwa karani wa ghala bandarini, na mwandiko wangu ulisifiwa mtaa mzima. Yeye hakujua kuandika.

"Yaya," aliniambia, maana kwao ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa, "niandikie barua. Dereva wa lori la mahindi ataipeleka kambini."

"Kesho jioni," nikamjibu.

Sikumdanganya, nilikusudia. Ila nikitoka kazini miguu ilinipeleka Rusimbi, kwenye nyumba moja walikouza pombe ya ndizi, mbali na macho ya watu wa msikitini kwetu. Nilirudi nikitafuna karafuu. Mama alinusa, akanionyesha chakula kilipofunikwa.

Jumapili moja nilikaa naye kweli. Nikaandika "Kwa mdogo wangu mpendwa," naye akaanza kusimulia jinsi mkono wa kijana ulivyomponyoka. Nikasingizia kalamu imekwisha wino, nikaondoka kwenda Rusimbi. Karatasi ile ilikaa mfukoni mwa shati mpaka jasho likafuta maneno.

Tangu hapo nikaanza kumkwepa. Choo chetu kilikuwa uani, na yeye yuko uani. Asubuhi nilijibanza chumbani nikitega sikio, aende kuchota maji ndipo nitoke. Mtu mzima, nimejifungia ndani ya nyumba ya mama yangu kwa sababu ya ukurasa mmoja! Niliapa kuacha pombe Ijumaa. Ijumaa ikaja, nikaapa tena. Mvua zikaanza, zikaisha.

Mwishowe binti wa jirani, mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa nyumbani likizo, aliiandika barua ile hata chai haijapoa. Jibu lilipofika binti huyo wa jirani alikuwa amerudi shuleni, kwa hiyo mwanamke aliniletea mimi. Sikuwa na pa kutokea.

Lilitoka kwa mzee mmoja wa kambini. Nikasoma: "Mdogo wako nilikaa naye hema moja. Alingoja habari zako muda mrefu. Alipoona kimya, akaamini umezama. Wiki tatu zilizopita amerudi ng'ambo, angalau aulize ulikozikwa."

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Hakulia, wala hakunitukana.

"Nilikuomba lini, yaya?"

Binti yake ndiye aliyejibu: "Wakati wa maembe."

Kesho yake nilimwomba mama afunge mlango wa mbele kila nikirudi kutoka kazini, akae na ufunguo. Aliufunga kwenye pindo la khanga yake. Zile jioni za kwanza sipendi kuzikumbuka. Mikono ilitetemeka, jasho lilinitoka, nikazunguka ua kama mbuzi wa kamba. Siku ya nne niliruka ukuta. Niliporudi nikinuka, mama alinifungulia, na kesho yake akafunga vilevile.

Wiki ya pili mwanamke yule alikuja na karatasi, akaketi mbele yangu.

"Sijakusamehe," akasema. "Lakini kaa, tuandike."

Safari hii alisimulia mpaka mwisho, na mimi sikuwa na pa kukimbilia. Ukurasa ule ulituchukua jioni tatu, kwa jinsi mkono ulivyonitetemeka. Niliunakili mara nyingi, tukawapa wenye boti waupeleke kila bandari waliyotia nanga. Wanawake wenzake wakasikia, wakaanza kuja na barua zao. Niliandika zote siku ileile zilipoletwa. Nilijijua kwamba nikiiacha moja ilale mpaka kesho, zote zitalala.

Hakuna aliyejibu kuhusu kijana. Kulipotulia kidogo upande wao, mwanamke alifungasha, akamshika binti yake mkono, akavuka kwenda kumtafuta mwenyewe. Sikusikia tena habari zao.

Jioni ya siku walipoondoka, mama alinipa ufunguo mkononi. "Wewe sasa ni mzima," akasema.

Niliutazama, nikafikiria njia ya Rusimbi, nikamrudishia. "Bado, mama. Funga."