Leseni ya Mjomba

Uvumilivu uliniishia mwanangu alipopigwa shoti na swichi mpya ya jikoni. Alipona, lakini nilipomwuliza leseni fundi aliyeifunga, alinicheka: "Mama, leseni ya nini? Nina uzoefu."

Nikakumbuka alasiri moja kwetu Kwai, nyumba inanuka maziwa na moshi wa kuni. Mjomba alikuja na waya begani kutufungia umeme. Baba akamwandalia chai na viazi. "Kula ushibe, shemeji. Ila bila leseni hugusi ukuta wangu."

Mjomba aliondoka amenuna. Nililia, nikidhani leseni ni ya gari, na mjomba alikuja kwa miguu.

Nakushukuru, Baba. Nyumba yako haikutupiga shoti hata siku moja.

Jana nilipeleka malalamiko rasmi ofisi inayosimamia mafundi umeme. Nilianza hivi: "Hana leseni, nami sikumwuliza kabla hajaanza kazi."