Kinyama Kwenye Jicho Langu Moja

Sisi tunaoanika omena, dagaa wa ziwani, huku Homa Bay tuna macho mekundu, na wengi wetu tumeota kinyama kwenye kona ya jicho. Jua linatupiga kutoka juu, ziwa linalirudisha usoni. Changu kilipotokea, wenzangu walinitania eti sasa nimehitimu, nimekuwa mama omena kamili. Nilicheka nao. Nani akimbilie hospitali kwa kitu ambacho kila mtu anacho?

Lakini mimi nina jicho moja tu. Lile lingine lilichomwa na jani la muwa nikiwa mtoto, likazimika. Kwa hiyo kinyama kilipoanza kupanda kwenye weusi wa jicho, cheupe, kimekunjamana, usingizi ulinipaa. Dada yangu, anayeuza nguo Migori, alinipeleka kwa daktari wa macho wa huko kwao.

Daktari, msichana wa kuweza kuwa mwanangu, alinitonea dawa ya buluu, akaisafisha, akainama na taa yake.

"Mama, kinyama kimeshika rangi ya dawa, si dalili nzuri," akasema. "Kinaweza kuwa saratani. Tukikate mapema, kabla hakijaingia ndani, kisha tukipeleke maabara."

"Na nikipofuka?"

"Tukichelewa ndipo utapofuka."

Dada akanishika magoti. Walinidunga ganzi, maumivu yakaisha, lakini kuona hakukuisha: mkasi ulikuja, ukawa mkubwa, ukawa kivuli. Hata kuomba Mungu sikuweza sawasawa. Nilirudia tu moyoni, usiniache gizani. Kisha wakanifunga bandeji.

Dada alinilisha, akaniongoza chooni, na mdomo haukumtulia. "Nyaminwa, leo hata nikikupa ugali mbichi utanisifu." Alikuwa ananiita ndugu yake kwa Kijaluo huku akinicheka. Niliudhika sana. Nilijiambia haogopi kwa sababu yeye ana macho mawili.

Asubuhi bandeji ilitolewa. Nilibana kope. Zikiwa zimefungwa, sikuwa nimepofuka bado.

"Fungua, mama, unihesabie vidole."

"Sina haja na vidole vyako," nikamjibu kwa ukali. "Dada yangu yuko wapi?"

"Niko hapa, malkia," dada akasema, kwa sauti ileile ya utani.

Nikafungua. Palikuwa na ukungu, halafu ukapungua. Alikuwa amesimama mlangoni, uso umevimba kwa kulia, leso yake imelowa kifuani.